Barabara ya Mto Tana, Kutoka Garissa Hadi Bahari

Ukitoka Garissa mjini na kuvuka daraja la Tana, umeshahama kaunti. Ng'ambo ni Madogo, Kaunti ya Tana River, penye maduka ya spea, vibanda vya maembe na malori yanayosubiri zamu. Hapo njia ni mbili. Moja inanyooka kwenda Mwingi, Thika na Nairobi, nayo ndiyo njia ya wengi. Ya pili inakata kushoto na kuufuata mto kuelekea kusini: Bura, Hola, hadi njia panda ya Minjila, ambapo anayekwenda Malindi hushika mkono wa kulia na anayekwenda Garsen, Witu na Lamu hushika wa kushoto. Hii ya pili ndiyo ninayoizungumzia.

Katika visiwa vya Bahari ya Kati, kama Corsica na Sardinia, watu hukodi gari ili waendeshe tu kando ya maji, wasimame, wapige picha, waendelee. Barabara yetu haijapata sifa ya namna hiyo. Bahari yenyewe haionekani mpaka safari inakwisha. Kwa saa nyingi unachokiona ni nyika kavu upande wa kulia, na upande wa kushoto mstari wa kijani unaojitokeza na kupotea: msitu wa mto, mikoma, mashamba ya ndizi. Kisha karibu na Minjila nchi inalala, maji yanatanda pande zote na ndege weupe wanajaa kwenye majani marefu. Kwa macho yangu, pale hapana cha kuionea wivu Ulaya. Lakini uzuri si sababu ya barabara hii kuwepo. Karibu kila aliyepasua njia hapa alikuwa anapita tu, roho yake iko kwingine.

Kabla ya gari, njia ilikuwa mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini. Wapokomo waliupanda na kuushuka kwa mitumbwi, wakilima kingo zake kila mafuriko yalipopungua na kuacha tope jipya: mpunga, mahindi, ndizi. Waorma, na baadaye Wasomali, walikuja mtoni kutoka nyikani na ng'ombe, mbuzi na ngamia. Walipitia malka, yaani vichochoro vya mifugo vilivyoachwa wazi katikati ya mashamba kwa makubaliano ya wazee. Kwa hiyo palikuwa na mienendo miwili. Wenye mitumbwi walikwenda kwa urefu wa mto, wenye mifugo waliukabili mto kwa upana. Kiangazi kikiwa kikali walikorofishana, mvua ikinyesha walipatana. Mpango huo haukuwa wa peponi, ila kila mtu alijua ng'ombe wanapita wapi.

Kule chini, karibu na bahari, palikuwa na mji wa Witu. Aliyeujenga ni Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate. Alipoandamwa na nguvu za Sultani wa Zanzibar alijificha bara, ndani ya msitu, na Witu ikawa kimbilio la kila aliyekuwa na ugomvi na Zanzibar, wakiwemo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Simba alitafuta rafiki mwenye mizinga, akawapata Wajerumani. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walinunua ardhi kwake, na mwaka 1885 Ujerumani ikatangaza Witu kuwa chini ya ulinzi wake. Clemens aliujua mto huu tangu 1878, alipoupanda na kuona kwamba ni lango la kuingia bara.

Lango hilo alilipitia mtu mwingine, Carl Peters, ambaye baadaye Watanganyika walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1889 Peters alidai anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyekuwa amekwama Ikweta, kusini mwa Sudan. Waingereza walikuwa wamefunga pwani na hawakumtaka. Mwezi Juni alitua kwa siri kwenye ghuba ya Kwaihu, kaskazini mwa Lamu, na Julai akaondoka Witu na msafara wake, akapita Ngao na kuufuata Tana kwenda juu.

Msafara wake haukuwa na chakula cha kutosha, na Peters hakuwa mtu wa kuomba. Palipokuwa na nafaka alidai, akinyimwa alitumia bunduki. Alipofika Oda Boru Ruva, mbali juu ya mto, alijenga boma, akapandisha bendera, na Oktoba askari wake wakamuua Hugo, sultani wa Waoromo wa pale. Mambo haya tumeyapata kwake mwenyewe, kwa maana aliyaandika kitabuni bila haya, akijisifu. Kinachokera zaidi ni kwamba safari yote haikuwa na kazi. Emin Pasha alikuwa ameshaondoka na mpelelezi Stanley kuelekea pwani, na Desemba 1889 walifika Bagamoyo huku Peters angali njiani. Mkataba alioupata kwa Kabaka Mwanga wa Buganda mapema mwaka 1890 ulibatilishwa Julai mwaka uleule, pale Berlin na London zilipobadilishana: Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland, na Witu ikaangukia kwa Waingereza. Watu wa Witu hawakuulizwa. Septemba waliwaua Wajerumani kadhaa waliogombana na Fumo Bakari, mrithi wa Simba, na mwishoni mwa Oktoba Admirali Fremantle alipandisha majeshi ya baharini akauchoma mji moto.

Waingereza nao walijaribu njia ya maji. Mwaka 1891 Kamanda Dundas aliupanda Tana kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, mali ya Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Biashara waliyoitarajia haikuja. Tana ni mto wa mizunguko, mafungu ya mchanga na viboko, na hubadilisha mkondo pasipo kumuaga mtu. Hata mdomo wake ulisaidiwa na mikono ya watu: karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto Ozi, maji yakapenda njia mpya, na ndiyo sababu leo Tana unamwagika Kipini. Reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896, mto ulisahauliwa.

Waliobaki ni wamisheni. Wamethodisti walikuwa Golbanti, ambako John Houghton na mkewe Annie waliuawa na wavamizi wa Kimaasai mwaka 1886. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walikaa Ngao tangu 1887, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika Kipokomo na kutafsiri Injili. Hao angalau walikusudia kukaa.

Huku juu, Garissa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ambayo wazee wanaitaja mpaka leo kwa herufi zake tatu. Tangu 1902 palikuwa na sheria ya kufunga maeneo ya pembezoni. Mwaka 1919 serikali ilichora mstari kuwatenganisha Wasomali na Waorma, kana kwamba ngamia anasoma ramani. Mwaka 1925 Jubaland ilikabidhiwa Italia, na Garissa ikajikuta kituo cha mwisho kabla ya mpaka. Kisha mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu: kuingia au kutoka kulihitaji pasi. Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetaka kuvuka mto kwenda kuuza Nairobi alipaswa kuwa na karatasi mkononi. Kutokana na hayo ulizuka usemi ambao haujafa. Mtu wa Garissa akivuka kuelekea Thika husema anakwenda Kenya. Wageni hucheka wakidhani ni mzaha.

Barabara ya kweli, ya kubeba malori mazito, ilikuja kwa vita. Mwishoni mwa 1940 Jenerali Alan Cunningham alikusanya jeshi upande huu ili kuwaondoa Waitalia Somalia na Ethiopia. Garissa na Bura zilijaa askari wa KAR (King's African Rifles), Wanigeria, watu wa Gold Coast na Waafrika Kusini. Shida haikuwa adui sana, ilikuwa maji: kati ya Tana na Juba ni nyika, na kila debe lilipaswa kubebwa. Februari 1941 walisonga. Tarehe 11 Afmadow ilitekwa, tarehe 14 Kismayu, tarehe 25 Mogadishu, na Aprili 6 waliingia Addis Ababa. Vitabu vya vita huusifu mwendo huo kwa kasi yake. Garissa inapata aya moja, kisha jeshi linaondoka, na njia yao inabaki kuwa vumbi lenye mabonde ya matairi.

Tukiteremka sasa kama kilomita 140 kutoka Garissa, tunafika Hola. Mji ni mtulivu: ofisi za kaunti, hospitali, boda boda chini ya miti, na joto linalokulazimisha kunywa maji kabla ya kusalimia. Hapa ndipo serikali ya kikoloni ilipowaleta wafungwa wa Mau Mau waliokataa kukiri. Ilichagua Hola kwa sababu ni mbali na kila mtu. Wafungwa walichimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji, na wengine walikataa, wakisema wao ni wafungwa wa kisiasa, hawalimi kwa amri.

Ofisa wa magereza, John Cowan, aliandika mpango wa kuwalazimisha: watolewe kwa makundi madogo, kila kundi liwe na askari wengi, na wakikataa washikwe kwa nguvu wafanye kazi. Tarehe 3 Machi 1959 mpango ulitekelezwa, ila kundi halikuwa dogo. Walitolewa watu zaidi ya themanini kwa mara moja, wakapelekwa shambani, na askari wakawashukia kwa marungu. Walipoacha kupiga, watu 11 walikuwa wamekufa au wanakufa, na karibu wengine wote wamejeruhiwa.

Serikali ilitoa taarifa kwamba watu walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ilikuwa ni uongo uliochaguliwa kwa akili, kwa sababu nani Nairobi au London angeshangaa mtu kudhurika kwa maji katika joto la Tana? Uchunguzi wa maiti ulionyesha mifupa iliyovunjika. Usiku wa Julai 27, 1959, Enoch Powell, mbunge ambaye baadaye angejulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji, alisimama bungeni London na kuwaambia wenzake kwamba hawawezi kuwa na haki ya aina moja nyumbani na nyingine Afrika. Kambi zilianza kufungwa. Wanahistoria wengi wanaiweka Hola miongoni mwa mambo yaliyoharakisha uhuru wa Kenya, ila watu wanaopita kwa basi usiku kwenda Mombasa wanaijua kama mahali pa kushukia kujinyoosha.

Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963, na hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki Desemba 28. Wasomali wengi wa NFD walikuwa wameiambia tume ya mwaka 1962 kwamba wanataka kuungana na Somalia. London haikutekeleza matakwa yao, na vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi, vilidumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Mabomu yalifukiwa barabarani. Wafugaji walikusanywa vijijini, mifugo yao ikafa au kuchukuliwa. Wabajuni wa bara, kaskazini mwa Lamu, walihama vijiji vyao wakakimbilia visiwani, na wengi hawakurudi. Kanuni za mwaka 1966 ziliweka Tana River na Lamu pamoja na Kaskazini Mashariki chini ya sheria za hatari, na hazikufutwa mpaka 1991. Kwa hiyo kwa robo karne barabara nzima, kuanzia daraja la Garissa hadi Mokowe, mkabala na kisiwa cha Lamu, ilikuwa na sheria tofauti na ile ya Nyeri au Kisumu. Ndani ya kipindi hicho, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na vikosi vya usalama na watu wakakusanywa uwanjani bila maji. Waliokuwa watoto siku ile sasa ni wazee, na bado wanadai majibu.

Palipotulia kidogo, zilikuja fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianzisha mradi wa umwagiliaji wa Bura: hekta 6,700 za pamba na mahindi, na maelfu ya familia kutoka kila pembe ya nchi. Pampu zilitegemea dizeli iliyosafirishwa kutoka mbali. Gharama zilipaa na eneo likapunguzwa. Katika miaka ya mwisho ya 1980 pampu zilinyamaza, na walowezi wakabaki na nyumba za bati katikati ya nyika isiyo na maji. Tangu wakati huo mradi umefufuliwa mara kadhaa.

Kitu kimoja cha mradi huo kilistawi kupita matarajio: mathenge. Mti huu wa miiba kutoka Amerika uliletwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980 ili kuzuia upepo na kutoa kuni. Wasomali wa Garissa wanauita Ali Garob. Leo umefunga kando za barabara, umeziba malka kadhaa, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Niliwahi kusimama karibu na Bura jioni, ngamia wanavuka lami kwenda kunywa. Lori la ng'ombe lilipunguza mwendo, utingo akateremka kuwasaidia wachungaji kuwaondoa ndama barabarani. Mvulana aliyekuwa nyuma ya kundi alikuwa na panga, si fimbo. Nilimuuliza la nini. Akanionyesha mbele: kila siku chache wanakata mathenge upya ili ngamia wapate upenyo wa kuufikia mto.

Mto huo, ambao watu wa Nairobi wanaukumbuka umeme ukikatika (mabwawa ya umeme ya Kindaruma ya 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yote yako juu yake), umeipa nchi jambo jingine. Mwaka 1963 tume iliyotafuta wimbo wa taifa ilichukua tuni ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, ikauwekea maneno mapya. Kila Mkenya anayesimama wima uwanjani anaimbiwa usingizi wa kando ya Tana. Nalitaja hili kwa furaha tu, halina uhusiano na lami.

Huku Delta, karibu na Garsen, kulijengwa mradi mkubwa wa mpunga kwa msaada wa Wajapani, na mvua za El Niño za 1997 zikavunja kuta zake. Miaka ile magari yalisafiri kwa msafara na askari wenye bunduki ndani ya basi, kwa hofu ya majambazi. Ardhi ilizidi kubana. Mashamba yaliziba malka, malka zikaingia mashambani, wanasiasa wakachochea, na Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa alfajiri moja katika kijiji cha Riketa. Mauaji ya kulipizana kati ya Wapokomo na Waorma yaliendelea hadi mwaka uliofuata. Wote wawili wamepakana karne nyingi. Kilichobadilika si chuki ya asili. Ni nafasi iliyobaki baada ya kila mradi kujimegea yake.

Sasa kuna njia ya tatu, upande wa mashariki wa mto. Machi 2, 2012, Rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua mjini Lamu mradi wa LAPSSET, wa kuziunganisha nchi hizo kwa bandari na barabara, na gati la kwanza la bandari likaanza kazi Mei 2021. Barabara yake inatoka Lamu, inapita pembeni mwa msitu wa Boni, Ijara, na kufika Garissa, kisha Isiolo. Wajenzi wake wamefanya kazi chini ya ulinzi kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab. Inapita pia katika nchi ya hirola, swala ambaye kiasili hapatikani kwingine duniani isipokuwa huku na ng'ambo kidogo ya mpaka, na ambaye idadi yake iko chini ya 500. Jamii ya Ishaqbini, huko Ijara, imemtengea hifadhi yenye uzio tangu 2012, na hiyo ni kazi ya wafugaji wenyewe.

Swali langu kwa barabara hii mpya linatokana na wale wote waliopita hapa roho zao zikiwa kwingine. Inatoka bandarini kwenda Addis Ababa na Juba. Cunningham naye alikuwa akienda Addis Ababa. Je, mtu wa Masalani, huko Ijara, ataipandia wapi?

Mafuriko yanatoa jibu la upande mmoja. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Tana ulivunja kingo na kuikata barabara kati ya Madogo na daraja. Malori yalipanga foleni, bei za vyakula Garissa zikapanda, na wasafiri wakarudi kwenye mashua. Aprili 28, 2024, mashua moja iliyojaa watu ilipinduka Kona Punda, karibu na Madogo, na watu wakafa wakivuka mahali ambapo wiki chache kabla walikuwa wanapita kwa gari. Maji yalipita pale pale ambapo mto hupita ukifurika, penye tuta la barabara na makalvati machache.

Wahandisi wanaotengeneza sehemu hizo, na wale wa Lamu–Ijara–Garissa, wasiridhike na picha za setilaiti. Wapande gari na mzee wa Kiorma, mzee wa Kipokomo na mzee wa Kisomali, waende polepole kutoka Garissa hadi Garsen, na kila palipo na malka au mkondo wa zamani wa mto waambiwe simama. Hapo ndipo paachwe nafasi, ya maji na ya ngamia, kabla lami haijamwagwa.